Uzi, Waya, Mawimbi: Jinsi Taa Ilivyoachana na Kamera

Mwaka 1905 mjini Leipzig, Ujerumani, kilichapishwa kitabu kinene cha Carl Georg Schillings kiitwacho Mit Blitzlicht und Büchse. Schillings alikuwa mwindaji na mpigapicha aliyezunguka nchi yetu ilipokuwa chini ya Wajerumani, kuanzia miguuni mwa Kilimanjaro hadi nyika ya Wamasai na bonde la Mto Pangani. Ndani ya kitabu hicho kuna simba wa usiku. Wasomaji wa Ulaya wa wakati ule walizoea kuona simba aliyekwisha kuuawa, mwindaji amesimama juu yake na bunduki mkononi. Hawa wa Schillings ni hai. Wanamwendea mnyama aliyefungwa kamba kama chambo, macho yanawaka, na nyuma yao giza tupu.

Mimi ni mpigapicha wa harusi na sendofu hapa Moshi. Nikizitazama picha zile, simba namwacha kwanza. Natafuta kivuli kimelalia wapi, kwa maana kivuli ndicho kinachosema taa ilisimama upande gani. Kisha nauliza swali ninalolikabili kila Jumamosi jioni ukumbini: taa isipokuwa mkononi mwa mpigapicha, nani anaifyatua? Vijana ninaofanya nao kazi wanaamini swali hilo lilijibiwa na Wachina, siku triga za redio za bei nafuu zilipoingia Kariakoo. Wenye umri wangu wanasema ni Wamarekani wa miaka ya 1990. Mimi historia hii naianzia karibu zaidi, kwenye nyika inayoanza pale mashamba ya miwa ya chini ya Moshi yanapokwisha. Huko aliyefyatua taa alikuwa mnyama mwenyewe.

Magnesi ikiwaka hutoa mwanga mweupe mkali sana. Mwaka 1864 Alfred Brothers wa Manchester alipiga picha ndani ya mgodi wa Blue John, Derbyshire, kwa kuchoma magnesi, na mwaka uliofuata Charles Piazzi Smyth akaichoma ndani ya Piramidi Kuu, Misri. Ila utepe wa magnesi huwaka taratibu, na moshi wake hujaza chumba. Mabadiliko yalikuja mwaka 1887, pale Wajerumani wawili, Johannes Gaedicke na Adolf Miethe, walipochanganya unga wa magnesi na potasiamu kloreti pamoja na sulfidi ya antimoni. Unga ule ulilipuka. Kufumba na kufumbua, mwanga umekuja na umekwenda. Ulikata watu vidole na kuua wengine. Jacob Riis, mwandishi wa habari aliyeonyesha vyumba vya maskini wa New York katika kitabu chake cha mwaka 1890, aliwahi kuwasha nyumba moto akiwa kazini.

Sasa uchukue unga huo uupeleke nyikani. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika Moshi. Ilifika mwaka 1911. Kamera zilikuwa masanduku mazito, na picha zilinaswa juu ya mabamba ya kioo, si filamu. Kioo hicho, unga huo, mahema, chakula, vyote vilikaa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Jina la juu ya jalada ni la Schillings peke yake, lakini kila bamba lililofika Leipzig bila kupasuka lilifika kwa shingo za watu wa huku.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kabla jua halijazama, kamera inawekwa karibu na maji au karibu na chambo, lenzi imekazwa kwenye umbali mmoja. Unga unapangwa mahali pake, mbali kidogo na lenzi. Uzi unatandazwa kwenye njia ya mnyama. Kisha watu wanaondoka na kuiachia nyika kazi. Simba akija usiku akaugusa uzi, mtambo unafyatuka, unga unalipuka, na bamba la kioo limeshashika sura yake kabla hajajua kilichotokea. Umande ukiulowesha unga, usiku mzima umekwenda bure. Fisi akitangulia, yeye ndiye atakayekuwa kwenye picha.

Schillings hakuwa peke yake katika njia hiyo. George Shiras, mwanasiasa wa Pennsylvania aliyependa misitu ya Michigan, alikuwa akiwafyatulia kulungu unga wa namna hiyohiyo, na Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 katika toleo moja. Naye alitumia uzi uliokatiza njia ya mnyama. Wanahistoria wa picha za wanyama humtaja Shiras kwanza, na kwa kufuata miaka wana haki. Lakini kwa sisi tunaofanya kazi hii Afrika Mashariki, nyika ya Pangani ina nafasi yake katika habari hii, na ni vibaya kwamba haifundishwi popote.

Simtukuzi Schillings. Aliua wanyama wengi, na alipita katika nchi iliyotawaliwa kwa kiboko. Ninachokiheshimu ni kimoja: alielewa kuwa taa inaweza kuachwa mahali ikafanya kazi bila mwenyewe kuwapo.

Kwa nini taa iachane na kamera hata kidogo? Njoo ukumbini uone. Bi harusi ameingia, ana jasho jembamba kwenye paji la uso, amevaa shela yenye lesi, nyuma yake kuna ukuta uliotundikwa vitambaa vyeupe. Mpigie flashi iliyokaa juu ya kamera, moja kwa moja. Jasho linageuka bati linalong'aa. Lesi inapotea, kwa sababu lesi huonekana kwa vivuli vyake vidogo, na mwanga unaotoka palepale lenzi ilipo unavifuta vyote. Uso unakuwa bapa, na ukutani nyuma yake kunatokea kivuli cheusi kinachomfuata. Sasa iondoe flashi hiyohiyo, iweke juu ya stendi upande wa kushoto wa jukwaa, juu ya kimo cha kichwa, ikitazama chini kidogo. Shavu moja linapata mwanga, la pili linabaki na kivuli laini, pua inasimama, nyuzi za lesi zinahesabika. Ngozi nyeusi hasa ndiyo inayofaidi. Uzuri wake umo katika jinsi mwanga unavyoteleza juu yake kutoka pembeni, na anayeimulika kutoka mbele tu anaunyang'anya. Miaka na miaka watu wetu waliambiwa hawatoki vizuri kwenye picha za usiku, kumbe taa ndiyo iliyokuwa imesimama pasipofaa.

Wataalamu walilijua hilo tangu wakati wa unga. Kikwazo kilikuwa muda. Enzi ya unga, mpigapicha alifungua shata gizani, akalipua, akaifunga. Hakuna aliyehitaji kuoanisha chochote. Balbu za flashi zilipokuja, Vacublitz ya Johannes Ostermeier huko Ujerumani mwaka 1929 na za General Electric huko Marekani mwaka uliofuata, moshi na hatari ya mlipuko vikaisha, na watu wakataka kupiga picha mkononi, shata ikifunguka na kufunga kwa kasi. Hapo taa na shata zikalazimika kukutana. Balbu za aina ya M huchukua karibu 1/50 ya sekunde tangu kupata umeme hadi kufikia kilele cha mwanga wake, hivyo kamera ilibidi iziwashe kwanza, ndipo shata ifunguke. Flashi ya kielektroniki haihitaji kusubiriwa: shata ikishafunguka, ndipo inapofyatuliwa. Ndiyo maana kamera za wazee wetu zina swichi ndogo yenye herufi M, ya balbu, na X, ya flashi ya kielektroniki, na tundu la kuchomeka waya. Ukiikuta kamera ya namna hiyo kwenye kabati la babu, weka X.

Waya ndiyo iliyotawala kwa miongo mingi, na hakuna aliyeitesa wala kuteswa nayo kuliko O. Winston Link.

Link alikuwa mpigapicha wa matangazo ya biashara, mtu wa Brooklyn aliyesomea uhandisi. Januari 1955 alikwenda Waynesboro, Virginia, akapiga picha usiku ya treni ya mvuke ya kampuni ya Norfolk and Western. Kampuni nyingine kubwa za reli za Marekani zilikuwa zimehamia dizeli au zinahama. Hiyo ndiyo iliyong'ang'ania mvuke hadi mwisho, na mwisho ulikuwa mwaka 1960. Link aliamua kuirekodi kabla haijatoweka, tena kwa gharama zake mwenyewe. Alichagua usiku kwa sababu za fundi. Mchana jua ndilo linaloamua, na reli haihamishiki. Usiku anayeamua ni mwenye taa.

Picha yake inayojulikana kuliko zote, Hotshot Eastbound, aliipiga Agosti 2, 1956 mjini Iaeger, West Virginia. Mbele kuna magari yameegeshwa kwenye sinema ya wazi, vijana wawili wameketi ndani ya gari lisilo na paa, kwenye skrini kuna ndege ya kivita, na nyuma yao treni inapita kwa kasi ikimwaga moshi mweupe juu ya mji. Alitumia balbu 43. Mwanga wake ulikuwa mkali hata ukaifuta sinema yenyewe. Ile ndege unayoiona kwenye skrini ilipachikwa baadaye kwenye chumba cha giza.

Hesabu kazi ya balbu 43. Kila moja ina kiakisi chake, kila kiakisi kina nguzo yake, na kila nguzo inafikiwa na waya. Waya zinapita nyasini, chini ya magari, kando ya reli. Link alizifunga kwa msururu: umeme unapita balbu ya kwanza, unakwenda ya pili, na kuendelea. Uzuri wa msururu ni kwamba unaweza kuupima kabla. Umeme mdogo ukipita mpaka mwisho, njia nzima ni salama. Ubaya wake ni kwamba kiungo kimoja kikilegea, zote zinanyamaza. Betri za kawaida hazikutosha, ikabidi aunde masanduku yake mwenyewe ya umeme yanayohifadhi nguvu na kuitoa kwa kishindo. Kisha anangoja. Treni inapita mara moja, na balbu ikishaungua haiwaki tena. Saa nyingi za kutandaza waya zinaisha ndani ya sehemu ya sekunde, na dereva wa treni ameshafika mbali.

Nikisoma habari za Link huwa nasikia uchovu wa mikono yake. Kila niliyewahi kumwona akikunja waya baada ya harusi, saa nane usiku, kipande hiki kimevutiwa kiti juu yake, kile kimemwagiwa soda, ni ndugu yake.

Wakati Link anatandaza waya, taa iliyokuja kuziua balbu ilikuwa imeshazaliwa. Harold Edgerton wa chuo cha MIT alianza kazi yake ya flashi za kielektroniki mwaka 1931: umeme unajazwa kwenye kapasita, unaachiliwa ndani ya bomba lenye gesi, mwanga unatoka, na bomba liko tayari kwa mara nyingine. Hiyo ndiyo flashi tuliyo nayo hadi leo.

Huku kwetu, studio za pwani zilikuwa na historia ndefu kabla flashi hiyo haijafika. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na Mombasa studio ya N. V. Parekh ilipiga sura za watu wa mji kwa miongo kadhaa. Ndani ya studio taa hazihami, na waya hazimsumbui mtu. Tabu ilianza mpigapicha alipotoka nje, akaitwa nyumbani kwa watu na kwenye kumbi.

Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na Vivitar 283. Atakayeandika historia ya picha za harusi Afrika Mashariki bila kuitaja flashi hiyo atakuwa hajaandika kitu. Ilitoka miaka ya 1970, nzito, imara, inakula betri nne, na ina jicho dogo mbele lenye vidoa vya rangi: njano, nyekundu, bluu, zambarau. Unachagua rangi kulingana na umbali na ukubwa wa tundu la lenzi, na jicho lenyewe linakata mwanga ukitosha. Jicho hilo linachomoka. Ukiwa na waya yake maalumu, unaliacha jicho juu ya kamera na flashi unaipeleka pembeni. Mzee aliimiliki waya hiyo, na aliitunza kuliko saa yake ya mkono.

Ila waya ile ilikuwa fupi kuliko ukumbi, kwa hiyo alihitajika mtu. Ukitazama kanda za harusi za miaka ya 1990 utamkuta: kijana amesimama pembeni, mkono juu, ameshika taa. Huyo ndiye mshika taa. Wapigapicha wengi wa kizazi changu walianzia hapo, nami nilianzia hapo. Unajifunza kwa bega. "Mdogo wangu, panda," mzee ananiambia bila kugeuka, maana yake nipandishe flashi. "Sogea kwa mama mkwe." Ninasogea, waya inanivuta, naye anavutwa nami. Mtoto akikatiza katikati, sote watatu tuko hatarini. Lakini pale ndipo nilipojifunza kwamba nikienda hatua mbili mbele uso unabadilika, na kwamba nikiuongeza umbali mara mbili mwanga unabaki robo. Hakuna kitabu kilichonifundisha hivyo; mkono ulichoka, na picha zilipotoka zikanionyesha.

Palikuwa na njia ya kukwepa waya: jicho la mtumwa, kidude kinachochomekwa chini ya flashi ya pili, kikiona flashi ya kwanza inawaka nayo inawaka. Ni werevu mkubwa, na ndani ya studio linafanya kazi vizuri mpaka kesho. Ukumbini lina kasoro isiyotibika: halijui bwana wake ni nani. Mjomba wa bwana harusi akiinua kamera yake ndogo, flashi yangu inamwitikia yeye, na mimi ninapotaka kupiga inakuwa bado inajaza umeme. Nje kwenye jua halioni. Likizibwa na nguzo, halioni. Minolta mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha Canon na Nikon, waliboresha wazo hilo kwa kuzifanya flashi zizungumze kwa mimweko ya siri, lakini mwanga ni mwanga tu: hauvuki ukuta.

Redio inavuka. Triga za redio zilikuwapo kabla ya miaka ya 1990. Quantum ya Marekani, kwa mfano, ilikuwa na Radio Slave yake. Ugonjwa wa redio za mwanzo ulikuwa kusikia kila kitu. Anayetuma wimbi la aina hiyo jirani, hata kama ni mtambo wa kufungulia geti, angeweza kukufyatulia taa. Tiba ililetwa na watu wa LPA Design, kampuni ya Vermont iliyotengeneza PocketWizard. Wao waliacha kutuma wimbi tupu, wakatuma ujumbe wenye namba za siri. Risiva inasoma namba hizo. Zikiwa zake inafyatua, zisipokuwa zake inakaa kimya. Modeli yao ya MultiMAX ilikuwa na chaneli 32. Wapigapicha wa michezo wa Marekani, waliokuwa wakifunga flashi kubwa darini kwenye viwanja vya mpira wa kikapu, sasa waliweza kufanya kazi kadhaa katika uwanja mmoja bila kufyatuliana taa.

Ngoja nieleze kinachotokea ndani ya kamera kidole kinapobonyeza, kwa sababu vijana wengi wanaitumia triga kila wiki bila kukijua. Shata ya kamera zetu ina mapazia mawili mbele ya sensa. La kwanza linafunguka, la pili linafuata kufunga. Kwa kasi ya 1/200 au chini yake, kuna kitambo ambapo sensa nzima iko wazi. Hapo ndipo flashi inatakiwa iwake. Kamera inaiambia transmita, transmita inatuma ujumbe. Wimbi la redio kwenda mita 30, upande wa pili wa ukumbi, linachukua sehemu moja ya milioni 10 ya sekunde, yaani safari yenyewe haina gharama. Kinachokula muda ni kusoma namba za siri. Sasa panda kasi hadi 1/500. Pazia la pili linaanza kushuka kabla la kwanza halijafika mwisho, sensa inamulikwa kupitia ufa unaotembea, na flashi inayowaka mara moja inaukuta ufa huo mahali pamoja. Picha inatoka na mkanda mweusi: keki ina mwanga, miguu ya maharusi haina. Ukiuona mkanda huo, usiilaumu triga. Shusha kasi.

PocketWizard zilikuwa ghali, na zilitufikia kwa kuletwa na watu mkononi. Kila nchi hugawa masafa yake kivyake: zile za soko la Marekani zilitumia masafa ya kati ya megahezi 340 na 354, za Ulaya zikatumia 433. Nilinunua jozi yangu kwa mfanyabiashara mmoja aliyezileta kutoka Marekani, naye alinihakikishia zinaelewana na zote za jina hilo. Mwenzangu wa Arusha alikuwa na zake kutoka Uingereza. Kwa macho hazina tofauti. Siku tulipopanga kufanya harusi kubwa pamoja na kuchanganya taa zetu, yangu haikuisikia yake hata zilipowekwa meza moja. Tukarudi kwa mshika taa jioni ile, na kijana wa watu alisimama mpaka mkesha.

Faida moja ya redio haitajwi mara nyingi, nayo ni usalama wa kamera. Vivitar za zamani zina volti zaidi ya 200 kwenye mguu wake, na kamera za dijitali za mwanzo hazikujengwa kwa umeme huo. Mzee wangu aliponunua kamera yake ya kwanza ya dijitali, asingethubutu kuipandisha 283 juu yake. Kwa redio, flashi na kamera havigusani kabisa. Kazi ya miaka 30 ya flashi ile ikaongezewa miaka mingine.

Machi 2006, David Hobby, mpigapicha wa gazeti la The Baltimore Sun, alianzisha tovuti ya Strobist, akaanza kufundisha bure jinsi ya kutumia flashi ndogo zilizotolewa juu ya kamera. Hoja yake ilikuwa kwamba flashi ya zamani ya bei ya chini, stendi, mwavuli na triga vinatosha kufanya kazi ya heshima. Sisi tulimsoma kwa zamu kwenye vibanda vya intaneti, tukilipia kwa nusu saa. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyefungua mlango ambao viwanda vya China vilipita. Watu wengi walipojua wanachokihitaji, Hong Kong na Shenzhen wakakitengeneza kwa sehemu ndogo ya bei ya PocketWizard. Triga zile za kwanza zilikuwa na tabia ya kugoma moja katika kila picha kadhaa, lakini fundi wa saa mjini alizifungua na kuziongezea antena, zikasikia mbali zaidi. Mwaka 2012 Canon ilitoa 600EX-RT, flashi yenye redio ndani yake. Baadaye Godox, kampuni ya Shenzhen, ikaweka redio ndani ya flashi za bei ambayo kijana wa Moshi anaweza kuikusanya kwa msimu mmoja wa harusi. Leo karibu kila ukumbi ninaoingia una Godox ndani.

Hizi hutumia gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya Wi-Fi, kwa hiyo ukumbi wenye simu mia tatu una msongamano wa mawimbi. Zinahimili. Kinachotuangusha ni chaneli namba 1. Watu wanaitoa triga kwenye boksi, wanaipachika, wanaanza kazi kwenye chaneli ileile iliyotoka nayo kiwandani. Juzijuzi kwenye sendofu moja taa zangu mbili za jukwaani zilianza kuwaka zenyewe. Nikamtafuta mwenzangu aliyealikwa na upande wa pili wa familia. "Kaka, uko chaneli gani?" Namba 1. Nikahamia 17 na kazi ikaendelea. Ni palepale kwa yule mjomba na kamera yake ndogo, ila sasa dawa ni kubonyeza kitufe.

Mshika taa hayupo tena, na hilo linanisumbua. Triga imemwondolea kijana kazi ya kuchosha, lakini imeondoa na darasa. Anayeanza leo anaweka stendi mbili kwenye pembe za ukumbi na kuzisahau hapo hadi keki inakatwa. Hajawahi kuubeba mwanga, kwa hiyo hajui unavyobadilika ukiusogeza hatua mbili. Ninaofanya nao kazi nawapa flashi mkononi kwa msimu wa kwanza, triga ikiwa juu yake, waende nami bega kwa bega. Wanalalamika, nami siwabadilishii.

Na sasa neno kwa wenye studio na familia za wapigapicha wa zamani. Juu ya makabati yenu kuna masanduku: Vivitar zilizochoka, waya zilizofungwa kwa plasta, balbu ambazo hazijawahi kuwaka, picha za jaribio zenye kijana amesimama pembeni ameshika taa. Msiziuze kwa kilo. Andikeni nyuma ya picha jina la studio, mtaa, mwaka, na jina la huyo kijana pia. Mwenye sanduku la namna hiyo Moshi, Arusha au Tanga ambaye hana nafasi ya kulitunza, aniarifu; nitalifuata mwenyewe.